Garanti ni mali ya nani siku ya kuhama?

Shule zikifungwa, nusu ya Lubumbashi inahama. Mwezi wa saba na wa nane utaona magari yamebeba magodoro na meza zilizogeuzwa miguu juu, yanaelekea Ruashi, Katuba, Kampemba, na nyuma ya kila gari kuna hesabu ambayo haijaisha kati ya mpangaji na mwenye nyumba: hesabu ya garanti, pesa ambayo mpangaji anamwachia mwenye nyumba anapoingia. Barua nilizopokea mwezi huu karibu zote zinauliza hesabu hiyo. Nimezifupisha na kuondoa majina, na kila barua inafuatwa na jibu langu.

Yaya, nimekaa nyumba moja Bel-Air miaka 11. Kodi dola 300, garanti nilitoa ya miezi mitatu, dola 900. Sasa natoka. Mwenye nyumba alipita na fundi wake, akaandika: rangi 250, plafo (dari) 290, milango miwili 160, choo 70, kusafisha 70, deni la umeme la SNEL 60. Anasema jumla ni 900, kwa hiyo hatudaiani. Choo kweli mtoto wangu alikipasua, na mlango wa chumba cha watoto tuliuvunja siku funguo zilipopotea. Mlango wa pili umeliwa na mchwa. Mengine siyakubali.

Mdogo wangu, hesabu inayofika 900 kamili, bila kupungua wala kuzidi hata dola moja, ilianzia kwenye garanti yako, kisha ikaenda kutafuta uharibifu wa kuijaza. Usiisaini. Lakini pia usiikatae yote kwa hasira, maana ndani yake kuna mambo matatu yaliyo yako, nawe umeshayakiri mawili.

Amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo hadi leo bado ni msingi wa mambo ya kupanga nyumba katika nchi yetu, Kongo, inatenganisha kilichoharibiwa na mpangaji na kilichochakaa kwa umri au kwa nguvu isiyozuilika. Cha kwanza unakilipa. Cha pili ni cha mwenye nyumba, hata kama kilichakaa wewe ukiwa ndani. Sasa tuchukue karatasi yake, mstari kwa mstari.

Rangi: sifuri. Nyumba wanamolala watoto, wanamopika kwa makala (makaa) umeme ukikatika, rangi yake ikifika miaka mitano au sita imejitahidi. Wewe umekaa 11. Angepaswa kupaka hata kama ungebaki.

Plafo: hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nina nyumba ya kupangisha na nilikosea jambo hilihili. Mama mmoja alinirudishia funguo mwezi wa saba. Nyumba ilikuwa imefagiliwa vizuri, ila chumbani, kwenye sakafu ya saruji, palikuwa na duara tatu nyeupe zimejipanga kando ya ukuta. Nikadhani aliweka masufuria hapo, nikamkata pesa ya kusugua sakafu. Mwezi wa kumi na moja ikaja mvua ya kwanza kubwa, nikiwa ndani na mpangaji mpya. Maji yakadondoka sehemu tatu, na kila tone likaanguka katikati ya duara. Yalikuwa mabeseni. Yule mama alikuwa ameniambia mara mbili kwamba bati linavuja, mimi nikamjibu tutaona. Nilimtafuta nikamrudishia pesa yake, lakini aibu ile ninayo hadi leo. Kwa hiyo mwombe fundi wa mwenye nyumba apande juu aangalie mabati na misumari. Kama triplex (mbao nyembamba) ya plafo imeoza kwa maji ya paa, paa ni la mwenye nyumba na plafo inafuata paa. Ungelipa tu kama uliona inavuja ukanyamaza mpaka yote ikaoza, kwa sababu kumjulisha ni wajibu wako.

Milango: wa mchwa si wako. Ule wa watoto ni wako, lakini si kwa bei ya mlango mpya. Mimi nahesabu hivi: mlango mpya dola 80, nauhesabia maisha ya miaka 20, huu ulikuwa na miaka 11 au zaidi. Imebaki miaka tisa kati ya 20, yaani dola 36. Kwa choo fanya vivyo hivyo. Umeandika katika barua yako ndefu kwamba kiliwekwa miaka mitatu iliyopita. Nikikipa miaka 15, imebaki 12, na kwa dola 70 unalipa 56. Deni la SNEL, kama ni la miezi uliyokaa, lipa lote 60. Kusafisha, kama unaacha nyumba imefagiliwa na takataka zimetolewa, hakuna.

36 na 56 na 60 ni 152. Anapaswa kukurudishia dola 748. Miaka niliyoweka ni kipimo changu, yeye anaweza kusema mlango unaishi 25 na mkabishana kwa dola tano au kumi. Mabishano ya namna hiyo yana mwisho. Andika hesabu hii kwenye ukurasa mmoja, picha zikiwa pembeni, mpelekee na shahidi. Akikataa, nenda ofisi ya habitat, ile ya mambo ya nyumba, kwenye komini yenu mpatanishwe kabla ya kufikiria mahakama ya amani. Wenye nyumba wengi hawapendi kufika kule, kwa sababu swali la kwanza linaweza kuwa kodi ya serikali ya mapato ya nyumba, ile IRL, ambayo ni deni lao, si lako.

Mimi ni mwenye nyumba, Kampemba. Mpangaji wangu amenipa notisi ya miezi mitatu na tangu siku hiyo halipi. Anasema anakula garanti, yaani garanti ndiyo ilipe kodi ya miezi hiyo. Ana haki? Na akiniachia nyumba imeharibika, nitalipwa na nini?

Papa, bila makubaliano yenu hana haki hiyo. Kodi inalipwa hadi mwezi wa mwisho, na garanti inangoja siku ya funguo. Ikiliwa kabla, siku ya kukagua nyumba unabaki mikono mitupu.

Lakini niruhusu nikuulize kwa heshima: garanti yake iko wapi leo? Mpangaji anaila kwa sababu anaogopa kwamba mwenye nyumba ameshaila zamani. Wengi wetu tuliipokea Jumatatu, na Ijumaa ilikuwa imekwenda kwa mabati au ada ya watoto. Ile ni amana. Mtu amekupa uishike, hajakulipa. Kama huna namna ya kuirudisha kwa mkupuo, mwambie sasa hivi, kabla hajahama, na mtafute njia ya kati.

Njia niliyoiona ikifanya kazi ni hii. Mkague nyumba wiki hii, yeye akiwepo, mkipiga picha kila chumba. Kama hali ni nzuri, mkubaliane ale miezi miwili, na mwezi mmoja ubaki mpaka akupe funguo na risiti za umeme wa SNEL na maji ya REGIDESO. Muandike, msaini, kila mmoja abaki na karatasi yake. Usimwitie polisi. Deni la kodi ni jambo la kiraia, na afisa akimfunga mpangaji kwa ajili ya deni hilo, utajikuta wewe ndiye unayejibu.

Na jambo moja zaidi, kwa kuwa katika barua yako umesema unataka kumwomba mpangaji anayekuja garanti ya miezi sita. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka kikomo cha miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Baki ndani ya kikomo hicho.

Mwaka 2014 nilitoa garanti ya faranga 276,000. Wakati ule dola moja ilikuwa karibu faranga 920, kwa hiyo zilikuwa dola 300. Leo mwenye nyumba ananirudishia faranga 276,000 zilezile, ambazo hazifiki hata dola 150. Kodi yenyewe ananilipisha kwa dola tangu 2017.

Barua hii imeniuma, kwa sababu huyu hajaharibu kitu na bado anapoteza nusu na zaidi.

Yote yanategemea karatasi. Tafuta mkataba na risiti ya 2014. Kama mahali popote pameandikwa dola 300, au miezi mitatu ya kodi inayohesabiwa kwa dola, faranga zilikuwa njia ya kulipa tu. Unadai dola 300, au faranga zake kwa bei ya siku ya kurudishiwa. Kama risiti inasema faranga 276,000 na basi, nakuambia ukweli: mbele ya hakimu, nambari iliyoandikwa ina nguvu, na unaweza kushindwa.

Ila angalia mwaka 2017. Kodi ilipogeuzwa kuwa dola, kulikuwa na karatasi mpya? Ujumbe wa simu? Kama mkataba mpya uliandikwa na ukataja garanti ya miezi mitatu bila kusema faranga, hapo una la kusema. Na hata bila karatasi, mwulize mbele ya mzee wa kartie (mtaa) mnayemheshimu wote wawili: yeye angekubali leo upokee nyumba yake kwa kodi ya faranga za 2014? Sijaona watu wengi wanaoweza kujibu swali hilo wakimtazama mwenzao usoni. Omba dola 300, na ukipewa 220, pokea uende na amani.

Komisyonere, dalali aliyenitafutia nyumba, alichukua kodi ya mwezi mmoja nilipoingia. Nikitoka anairudisha?

Hapana. Ile ilikuwa malipo ya kazi yake.

Nilichimba kisima kwenye parseli, nikaweka antivol, vyuma vya kuzuia wezi, kwenye madirisha sita. Mwenye nyumba alisema kwa mdomo, "Fanya tu, tutaelewana." Sasa natoka na anasema asante sana.

Antivol zilizofungwa kwa skrubu, fungua uende nazo, uzibe matundu kwa saruji na kupaka rangi pale. Zilizochomelewa au kujengewa ukutani, ukizing'oa unavunja ukuta, na hapo uharibifu unakuwa wako.

Kisima hakifunguliwi kwa skrubu. Hapo umeshikilia neno "tutaelewana", na ni neno dogo. Tafuta aliyelisikia: fundi aliyechimba, jirani, mtoto wake aliyekuwa anakuja kuchukua kodi. Tafuta ujumbe wa WhatsApp wa wakati ule, hata "kisima kimefika maji?" kutoka kwake kinaonyesha kwamba alijua na alikubali. Kisha usidai pesa yote uliyotumia. Umeyanywa maji yale miaka sita, na majirani walikuja na bidoni zao mkononi. Dai sehemu ya vitu vinavyobaki na kuipandishia nyumba bei: pete za saruji, mfuniko, pampu kama ipo. Na pampu inayofunguliwa, kama mlinunua wenyewe, hiyo ni yenu.

Mwenye nyumba wetu alifariki mwaka jana. Watoto wake wanne hawaelewani. Mmoja anapokea kodi, mwingine anataka funguo, wote wanasema garanti ilikwenda na baba.

Poleni, ninyi na wao. Garanti haiendi na baba. Ni deni la urithi, na madeni ya marehemu yanalipwa kabla mali haijagawanywa. Kwa kanuni ya familia, pasipo wosia, mwenye kusimamia ugawaji ni mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wote, au yule waliyemchagua wao. Waombeni wamtaje huyo mtu kwa maandishi. Funguo mpeni yeye tu, mbele ya mashahidi, na asaini kwamba amezipokea na kwamba garanti ya kiasi fulani haijarudishwa. Na risiti za kodi mlizompa yule mmoja zitunzeni vizuri, kwa sababu wale wengine watatu wataziulizia.

Nilichelewa miezi miwili. Jana nimerudi kazini nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli jipya, vitu vyangu viko ndani, pamoja na dawa za mama yangu. Anasema nikilipa ndipo atafungua.

Hana ruhusa ya kufanya hivyo. Kumtoa mtu nyumbani kunapita kwa hakimu, hata kama mtu huyo anadaiwa, na vitu vyako si rehani ya kufungiwa kwa kufuli. Lakini usivunje kufuli, maana utampa kesi ambayo hakuwa nayo.

Leo, kabla ya saa tisa, nenda kwa chef wa kartie, mwambie habari ya dawa kwanza, kabla ya habari ya deni. Mwombe aje nawe mlangoni ili mama apate dawa zake na nguo. Piga picha kufuli. Kesho asubuhi, ofisi ya habitat ya komini, ukiwa na risiti zako za miezi uliyolipa na pendekezo la kulipa ile miwili, hata kama ni kwa vipande vinne. Deni likubali wazi mbele yao, na uombe mlango ufunguliwe siku hiyohiyo. Akikataa bado, hiyo karatasi ya habitat inayosema hamkupatana ndiyo utakayoingia nayo Tripaix, yaani mahakama ya amani.