Ondoeni Msimamo wa Ligi kwa Watoto: Funzo la Ubelgiji

Shirikisho la soka linalotaka mageuzi lianze na watoto wa miaka sita hadi kumi na mbili, halafu ndipo lihangaike na kocha wa timu ya taifa. Ubelgiji ilifanya hivyo, na hatua zake zinafuatika hata kwenye uwanja wa vumbi.

Mwaka 2000 iliandaa Euro, mashindano ya mataifa ya Ulaya, pamoja na Uholanzi ikatolewa kwenye makundi. Baada ya Kombe la Dunia la 2002 ilikosa mashindano makubwa matano mfululizo, na mwaka 2007 ilishuka hadi nafasi ya 71 duniani. Mkurugenzi wake wa ufundi, Michel Sablon, hakutegemea maneno ya vijiweni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven walirekodi mechi za vijana zipatazo 1,500, na ikaonekana kuwa kwenye mechi za watoto wadogo, mtoto anaweza kugusa mpira mara mbili tu kwa nusu saa. Mtoto huyo hajifunzi chenga wala pasi. Anajifunza kuwakimbiza wenzake wenye miili mikubwa.

Kwa hiyo wadogo kabisa wakacheza wawili kwa wawili, mmoja akiwa kipa. Kisha watano kwa watano: kipa, na wanne waliojipanga kama almasi. Kisha wanane kwa wanane, almasi mbili zikikutana kwa kiungo wa kati. Mwisho kumi na mmoja, kwa mfumo wa 4-3-3 (mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu), ambao kijana anaukuta tayari anaujua. Chukua uwanja mmoja, ugawe kwa chokaa upate vinne vya watano kwa watano: watoto 40 wanacheza kwa wakati mmoja badala ya 22.

Walio chini ya miaka minane waliondolewa msimamo wa ligi. Hapa msilegeze kamba. Kocha anayehesabu pointi humpanga mtoto aliyewahi kukua, humwacha benchi mfupi mwenye akili ya mpira, na kwetu humwingiza hata aliyepunguza umri.

Timu za taifa za vijana nazo zililazimika kucheza mfumo uleule wa 4-3-3, na mwanzoni matokeo yalizorota. Mageuzi mengi hufia hapo, kwa sababu kamati inataka kombe mwaka huohuo. Andikeni mapema, kwenye maazimio ya mkutano mkuu, kwamba kocha wa U-17, timu ya walio chini ya miaka 17, hatafukuzwa kwa kufungwa.

Na kama ndani ya nchi kuna uhasama? Ubelgiji ina Waflemi, wanaozungumza Kiholanzi, na wanaozungumza Kifaransa, na soka la vijana lina mabawa mawili kwa misingi hiyo. Mpango ulibaki mmoja, na klabu zilifuatwa zilipo zikaelezwa. Barua pekee haimshawishi mwenye klabu; nendeni na video.

Sifa zote zisiende kwa shirikisho. Eden Hazard, nyota wa Ubelgiji, alikuzwa na Lille ya Ufaransa tangu ujanani. Divock Origi, mshambuliaji wa Ubelgiji na mtoto wa mwanasoka Mike Okoth wa Kenya, alilelewa na klabu ya Genk. Lakini nchi ilifika nafasi ya kwanza duniani Novemba 2015, ikawa ya tatu Kombe la Dunia 2018.

Bajeti ikiwa ndogo, ianzieni kwenye kozi ya awali ya ukocha. Ubelgiji iliifanya bure, na waliojitokeza wakaongezeka mno. Wapeni nafasi za kwanza walimu wa shule za msingi, maana wao ndio wanaokaa na watoto kila siku.