Kwa nini simu ya vitufe ililipiwa zaidi?

SWALI: Shikamoo fundi. Tulipokuwa tukipanga makaratasi ya marehemu ami yangu, aliyeishi Marekani miaka mingi, nilikuta bili zake za simu za miaka ya 1980. Juu ya ada ya laini, kila mwezi alitozwa pesa mbali kwa sababu alipiga kwa vitufe, si kwa kuzungusha kisahani cha namba. Simu yenye vitufe si ilikuwa yake nyumbani? Sasa kampuni ikimuuzia nini?
Msomaji, Kibokoni, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vitufe vilikuwa kwake, lakini kinachovisikiliza kiko kwenye mtambo wa kampuni unaounganisha simu, na hapo mwanzo kilikuwa ghali.

Simu ya kuzungusha hukata umeme wa laini kwa hesabu ya tarakimu: saba, mara saba, sifuri, mara kumi, na kila sekunde mikato kama kumi. Mitambo ya zamani, ya mtindo ambao mvumbuzi Strowger alipata hataza yake Marekani mwaka 1891, iliendeshwa na mikato hiyohiyo. Nimeifanyia kazi hapahapa Mombasa. Mteja akizungusha tatu, selekta, yaani mkono wa chuma unaotafuta laini, hupanda ngazi tatu, tak tak tak, nasi kutwa tunapangusa vyuma kwa unyevu wa bahari. Mtambo huo haujui mlio. Nacho kitufe cha 5 hutoa milio miwili kwa pamoja, ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 770 na 1336. Kampuni ya simu ya Bell ilipoanza kuuza huduma hiyo Pennsylvania, Novemba 1963, ililazimika kuongeza vipokezi vya milio. Ada ya wakati ule naikubali.

Ya baadaye ndiyo siikubali. Mitambo ya elektroniki ilianza kuingia mwaka 1965, New Jersey, na kwayo kupokea milio si kazi kubwa. Tena, namba yenye tisa na sifuri nyingi ukiizungusha huzidi sekunde kumi, na muda wote huo umekishika kifaa cha kampuni. Kwa vitufe unamaliza upesi, kifaa kinamhudumia mwingine. Nafuu iliingia kwa kampuni, na aliyeileta ndiye aliyetozwa! Ada ilidumu kwa kuwa watu walishazoea kuilipa, na wasimamizi wa bei waliihesabu kuwa huduma ya hiari, iliyosaidia ada ya msingi isipande. Hoja hii ya mwisho ina uzito wake, ila haikuwa gharama ya vitufe.

Miaka ya 1990 majimbo kadhaa yaliifuta, au yakaitia ndani ya ada ya laini. Hadi hapo, waliobaki na simu za kuzungusha hawakuilipa kamwe, nao ndio walioushika mtambo muda mrefu zaidi.