Kufunga mwamba wa pweza: nani anakula wakati umefungwa?

Mleta mada ameuliza hivi: bahari ni kubwa, watu wana njaa, kwa nini tusiongeze boti na nyavu badala ya kuzunguka tunafunga maeneo ya uvuvi? Akamalizia kwamba kumfungia mvuvi mwamba wake ni kumpokonya tonge mdomoni. Nimevua miaka 14, na huu ni mwaka wa tano niko ukatibu wa kamati ya wavuvi kijijini kwetu. Kamati hiyo imefunga mwamba mara tatu, na mara ya kwanza tuliharibu kweli kweli. Nitajibu kwa niliyoyaona.

Nianze na nyavu. Nilipoingia baharini na mjomba tulikuwa na mashua moja na nyavu nne. Samaki walipopungua tukaongeza nyavu. Walipozidi kupungua tukatafuta zenye matundu madogo, kisha tukanunua injini ili tufike mbali zaidi. Kila tulipoongeza kitu tulipata nafuu ya miezi michache, halafu tunarudi palepale, tukiwa tunachoma mafuta mengi zaidi kwa samaki wadogo zaidi. Tulikuwa tunakula mbegu, na mkulima yeyote anajua msimu unaofuata unakuwaje.

Msidhani ni ushamba wa wavuvi wadogo. Kanada walikuwa na meli, wataalamu na takwimu, lakini mwaka 1992 walilazimika kufunga uvuvi wa samaki wao mkuu kule Newfoundland, na watu takriban 30,000 wakakosa kazi. Walipokuja kufungua tena ilikuwa 2024, na kwa kiasi kidogo tu. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, nao wanaonyesha kwamba mwaka 1974 kama asilimia 10 ya akiba za samaki zinazofuatiliwa duniani ndizo zilikuwa zimevuliwa kupita kiasi. Kufikia 2021 ilikuwa asilimia 37.7. Na tatizo halikuwa uhaba wa boti wala nyavu.

Kuna siku nilimpasua chewa mkubwa, nikakuta mayai yamejaa tumbo zima, mifuko miwili minene kama mkono wangu. Niliyatupa majini, nikidhani nayarudisha. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba jike mmoja mkubwa hutaga mayai mengi kuliko majike wadogo kadhaa ambao uzito wao ukijumlishwa unamfikia yeye. Chewa wana jingine tena: wengi wao huanza maisha wakiwa majike, na wakishakua ndipo wanageuka madume. Ukiwamaliza wakubwa, unabaki na majike yasiyo na madume. Na sisi tulikuwa tunawinda wakubwa hao hasa, tena kwa fahari.

Sasa nije kwenye kufunga. Mfano tuliousikia ulikuwa wa Andavadoaka, Madagaska, ambako mwaka 2004 walifunga eneo la pweza kwa miezi kadhaa na walipofungua wakakuta pweza wamenenepa. Pweza anafaa kwa jambo hili kwa sababu maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo, na anakua haraka mno. Jike hutaga mara moja tu, hukaa pangoni akiyalinda mayai bila kula, kisha hufa. Ukimwacha miezi miwili au mitatu unaona tofauti kwa macho. (Samaki wa mwambani si hivyo. Wanahitaji miaka. Ukifunga eneo la chewa kwa miezi mitatu halafu ukalifungua, wiki mbili zinatosha kurudisha kila kitu sifuri. Nasisitiza hili kwa sababu naona watu wanayachanganya.)

Tukakaa kikao, tukaamua kufunga mwamba wote miezi mitatu. Kikao kilikuwa cha wanaume wenye vyombo. Wanaotembea mwambani kwa miguu maji ya bamvua (yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu) yakitoka, wakichokoa pweza matunduni, ni akina mama. Hatukuwauliza. Wiki ya tano akaja kwangu mama mmoja ninayemheshimu sana, ameshika ndoo tupu. Akaniambia, "Katibu, mwamba wangu mmeufunga. Bahari yenu mbona hamkuifunga?"

Sikuwa na jibu. Mimi nilikuwa nimerudi asubuhi hiyo kutoka maji makuu na samaki wangu. Mwamba uliofungwa haukunigusa, yeye ulimgusa usiku uleule. Kwa hiyo mleta mada, hapo uko sahihi kabisa: kwake ilikuwa kupokonywa tonge, na waliompokonya ni sisi. Na wenye njaa hawakuvumilia hadi mwisho. Wiki za mwisho tochi zilionekana mwambani usiku, na siku ya kufungua tukakuta vipweza vya kiganja.

Mara ya pili akina mama ndio waliochagua sehemu na miezi. Walifunga robo tu ya mwamba, ile ya kusini yenye mawe makubwa, robo tatu zikabaki wazi. Ulinzi wa usiku ukawa wa zamu, wanaume na wanawake. Siku ya kufungua nilikaa diko, pale boti zinaposhusha samaki, na mizani na daftari. Kabla ya kufunga, pweza wengi waliotoka upande ule hawakufika nusu kilo. Wa kwanza kuletwa alikuwa kilo mbili na robo, mikono yake inaning'inia nje ya ndoo mpaka inagusa mchanga. Yule mama ndiye aliyemleta. Hakusema kitu, aliniangalia tu mpaka nikamaliza kuandika.

Tulikosea tena hapo, maana kwa siku mbili watu walibeba kila kilichojificha. Ndiyo sababu safari hii ya tatu kuna masharti: aliye chini ya nusu kilo anaachwa, na jike anayelinda mayai haguswi. Kumtambua si kazi. Amejiziba kwa mawe mlangoni, na hata ukimchokoza hatoki.

Lakini swali la ndoo tupu bado lipo: katika miezi hiyo watu wale nini? Jibu tulilipata mahali ambapo hatukuwa tunatazama. FAO waliwahi kukadiria kwamba takriban asilimia 35 ya samaki wanaovuliwa na kufugwa duniani hupotea au kutupwa kabla ya kuliwa. Niliposikia nilidhani wametia chumvi, mpaka nilipoanza kuhesabu diko kwetu. Samaki anavuliwa saa nane usiku, analala sakafuni mwa mashua, jua linamkuta njiani, akifika saa nne matamvua yameshageuka rangi ya kahawia. Kwenye joto letu, samaki asiye na barafu huanza kuharibika kabla siku haijaisha. Akiwekwa vizuri kwenye barafu mara tu anapotolewa majini, anakaa wiki mbili na zaidi. Kipimo tunachotumia ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, iliyopondwa ndogondogo, tabaka la barafu kisha tabaka la samaki. Na kwa jodari na vibua barafu ni suala la afya pia, kwa sababu wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini inayodhuru, na ukishampika sumu ile haitoki.

Dagaa ndio waliotuokoa zaidi. Walikuwa wanaanikwa mchangani, mvua ikinyesha mara moja mzigo mzima unaoza. Tukajenga chanja za miti na wavu, kimo cha kiuno, na turubai pembeni. Hatukuongeza hata usiku mmoja wa kuvua, ila magunia yaliyofika stoo yaliongezeka. Na dagaa analiwa mzima, na mifupa yake na kichwa chake. Chokaa ya mifupa, madini ya chuma, zinki na vitamini A vyote vimo, vitu ambavyo mnofu mweupe wa samaki mkubwa hauna kwa kiwango hicho. Mtoto anayeachishwa ziwa akisagiwa dagaa kwenye uji anapata virutubisho vingi kuliko akipewa kipande cha nguru.

Ndiyo maana naumia nikiona dagaa wanapakiwa kwenda kusagwa chakula cha mifugo. Mwaka 2022 duniani takriban tani milioni 20 za viumbe wa majini hazikuwa chakula cha watu, na sehemu kubwa iligeuzwa unga na mafuta ya samaki. Ufugaji wa samaki siupingi, sasa unatoa zaidi ya nusu ya wanyama wa majini wanaozalishwa. Ila samaki wa kizimbani akilishwa samaki ambao mtu angewala moja kwa moja, hesabu yake sijaielewa bado. Chaza na mwani hawana shida hiyo, hawadai kulishwa.

Kwa sasa robo ya kusini imefungwa, na kila kaya inayotegemea mwamba ina gunia lake la dagaa stoo, lililowekwa kabla hatujafunga. Hilo ndilo sharti alilolitoa yule mama: gunia kwanza, kufunga baadaye. Tunafungua bamvua ya mwezi ujao. Nitaweka hapa uzito wote kutoka kwenye daftari, hata ukiwa mbaya.