Kutaja saa kwa Kibasque: angalia -ak imekaa wapi

Wanaojifunza Kibasque, yaani Euskara, lugha ya eneo la mpakani mwa Hispania na Ufaransa, huogopa vitenzi na kuzidharau saa. Ni kosa. Kitenzi ukikivuruga utaeleweka, lakini saa ukiivuruga basi la Bilbao linakuacha.

Mswahili ana kazi moja ya ziada. Saa zetu tunazihesabu kuanzia alfajiri na magharibi. Wao huanza kuhesabu saa sita usiku na saa sita mchana. Kwa hiyo tofauti ni sita: saa tatu asubuhi ni goizeko bederatziak (tisa), saa kumi na moja jioni ni arratsaldeko bostak (tano), saa nne usiku ni gaueko hamarrak (kumi). Sehemu ya siku hutangulia saa. Kuwa makini na goizeko. Goiza ni asubuhi, lakini goizeko ordu biak ni saa nane usiku, kwa kuwa usiku wa manane ukishapita wengi huanza kusema goizeko.

Swali ni Zer ordu da? (Ni saa ngapi?) Kuanzia tatu hadi kumi na mbili, neno ordu (saa) halitajwi: namba hupewa -ak ya wingi na kitenzi kinakuwa dira ("ni" ya wingi; umoja ni da). Hirurak dira (ni tatu), bostak dira (ni tano), zortziak dira (ni nane). Hiru (tatu) na lau (nne) huongezewa r: hirurak, laurak. Hamar huwa na r mbili: hamarrak. Moja na mbili peke yake ndizo zinazobaki na ordu, tena moja iko katika umoja: Ordu bata da, ordu biak dira. Ukisema hiru ordu umetaja muda wa saa tatu, kama vile safari imechukua saa tatu, na msikilizaji hatajua basi linaondoka lini.

Sasa dakika, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kwenye robo na dakika, -ak hubaki kwenye saa: bostak eta laurden ni tano na robo, bostak eta hamar ni tano na dakika kumi, bostak eta hogeita bost ni tano na dakika ishirini na tano. Kwenye nusu, -ak inahama: bost eta erdiak, hiru eta erdiak, ordu bat eta erdiak. Ukisema bostak eta erdi utaeleweka, ila Kibasque sanifu ni bost eta erdiak. Rudia hizi jozi mbili kwa sauti, bostak eta laurden, bost eta erdiak, mpaka ulimi uzoee.

Kasorobo ndiyo rahisi kwetu kuliko yote. Bostak laurden gutxi: saa inayokuja, robo, kisha pungufu. Mpangilio ni uleule wa "saa tano kasorobo", kwa hiyo usiupindue. Dakika hufuata njia hiyohiyo: bostak hamar gutxi. Wengine husema gutxiago, na zote mbili utazisikia.

Kutaja saa ya tukio ni jambo jingine. Ukiulizwa Zer ordutan?, yaani jambo litafanyika saa ngapi, usijibu bostak. Jibu bostetan. Vilevile hiruretan, lauretan, ordu bietan, bost eta erdietan. Moja pekee ni ordu batean. Kuanzia ni -etatik, ila arte (mpaka) hufuata saa ikiwa na -ak yake tu: hiruretatik bostak arte, kuanzia saa tatu mpaka saa tano za kwao. Kosa la kawaida ni kusema bostetan arte.

Ratiba za vituoni huandikwa 17:30, lakini mtu atakutamkia arratsaldeko bost eta erdiak, kwa hiyo jizoeze kutoa kumi na mbili upesi. Ukivuka kuingia upande wa Ufaransa, usishangae kusikia oren mahali pa ordu. Na ukialikwa hamaiketako, hicho ni kitafunwa cha katikati ya asubuhi. Jina limetoka kwenye hamaika, kumi na moja, ambayo kwetu ni saa tano.