Kiungo huanza kazi kabla mpira haujamfikia

Ukitaka kujua kama kijana anaweza kuishi kwa kucheza kiungo, usimtazame akiwa na mpira. Mtazame sekunde tatu kabla haujamfikia. Kichwa kinageuka? Kifua kimeelekea wapi? Miguu imeganda au inachezacheza? Chenga na mashuti yanaonekana hata kwenye video ya simu. Lakini kiungo asiyejua nani yuko mgongoni kwake atanyang'anywa mpira siku atakayopanda ligi yenye kasi, na hapo hata chenga zake hazitaonekana tena.

Haya ni ya kijana wa miaka 15 hadi 22 anayecheza mchangani, Umisseta (michezo ya shule za sekondari Tanzania), akademi au ligi za chini, na ya mzazi au mlezi anayemsimamia.

Tuanze na kichwa. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, alichambua picha za viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza na kukuta kwamba wanaogeuza kichwa mara nyingi kabla ya kupokea ndio wanaofikisha pasi nyingi zaidi za kwenda mbele. Jambo hili linafundishika, ila sisi huku tuna kikwazo chetu wenyewe. Kijana aliyekulia kwenye uwanja wa kipara, wenye mashimo na kokoto, amezoea kuukodolea mpira macho muda wote kwa sababu hauaminiki. Unaweza kudunda wakati wowote. Anakuwa hodari wa kutuliza mpira mgumu, lakini shingo yake imekufa. Akifika kwenye nyasi bandia anaendelea kutazama chini ingawa mpira sasa unateleza vizuri.

Zoezi lake ni hili. Panga koni nne kwa mraba wa mita 12, wewe ukae katikati. Mwenzako mmoja akupigie pasi kutoka upande mmoja, mwingine asimame nyuma yako ameshika bipsi (vizibao vya mazoezi) mbili za rangi tofauti na awe anabadilisha ya kuinua. Angalia nyuma mara mbili: mara ya kwanza mpiga pasi anapougusa mpira kuuandaa, mara ya pili mpira ukiwa nusu ya njia. Mita ya mwisho macho yarudi kwenye mpira. Taja rangi kwa sauti kabla hujaugusa. Dakika tatu, pumzika moja, rudia mara tatu, siku tatu kwa wiki. Baada ya wiki mbili ongeza mtu wa kukukaba kutoka nyuma.

Makosa utakayoyaona ni matatu. Wengine huangalia mapema mno, mpira ungali kwa beki, kwa hiyo picha waliyoipata imeshachakaa ukifika. Wengine huzungusha macho bila bega, wanaona nusu tu. Na wengi mno huangalia bega lilelile kila mara, jambo ambalo mpinzani mjanja hulijua ndani ya dakika 20 na kuanza kukutokea upande wa pili.

Ukishaona, mwili ukae nusu mgeuko: ubavu uelekee kwa mpiga pasi, si kifua chote. Acha mpira upite mbele yako uupokee kwa mguu wa mbali, na mguso wa kwanza uusogeze kama mita moja kuelekea kwenye nafasi uliyoiona. Kama mkabaji yuko karibu kuliko mita mbili, usigeuke. Rudisha kwa mguso mmoja, sogea hatua tatu, uombe tena. Kijana anayerudisha na kusogea huonekana wa kawaida kwa watazamaji, lakini kocha anayejua kazi humpenda. Mguu dhaifu nao unahitaji pasi 100 kila siku ukutani, 50 kwa umbali wa mita 5 na 50 kwa mita 10. Hii haichukui robo saa.

Suala la namba, yaani nafasi unayocheza, lina uzito kuliko vijana wanavyodhani. Karibu kila mtoto mwenye kipaji huanza namba kumi, kiungo mshambuliaji, kwa sababu ndiye anayewapiga wenzake chenga. Akifika timu ya vijana anakutana na namba kumi wengine wanane. Jiulize kwa ukweli: unafunga au kutoa pasi ya bao angalau kila mechi tatu? Kama hapana, miguu yako inaweza kuwa ya kumi lakini kazi yako ni nane, kiungo wa kupanda na kushuka, au sita, kiungo mkabaji anayekaa mbele ya mabeki. Andrea Pirlo wa Italia alianza kama kiungo mshambuliaji. Mwaka 2001 akiwa Brescia alirudishwa chini, mbele ya mabeki, na hapo ndipo alipogeuka mmoja wa viungo bora wa kizazi chake, hadi Kombe la Dunia la 2006. Kurudishwa nyuma si kushushwa cheo.

Namba sita anapimwa kwa mahali anaposimama timu yake inaposhambulia, maana mpira ukipotea yeye ndiye wa kwanza kuziba. Kosa kubwa la sita wa kwetu ni kukimbilia mpira. Akitoka katikati kwenda kumsaidia beki wa pembeni, mlango mbele ya mabeki wa kati unabaki wazi na pasi moja tu inatosha. Ongea na beki wa pembeni, mwache akabe, wewe uzibe ndani. Namba nane anapimwa kwa mapafu na kwa muda anaochagua kuingia boksi. Akiingia mapema anasimama na kukabwa, akichelewa sekunde moja krosi inampita.

Kuhusu mapafu. Kiungo wa kiwango cha juu hukimbia takriban kilomita 10 hadi 12 kwa mechi, lakini si za mwendo mmoja. Ni vipande: kasi ya mita 15, kutembea, kurudi, kugeuka, kasi tena. Kwa hiyo kukimbia saa nzima polepole ufukweni kila alfajiri, desturi inayopendwa sana Dar es Salaam, kunakuandaa kwa mbio ambazo hazipo kwenye mechi. Kunafaa mwanzoni mwa maandalizi ya msimu, wiki mbili au tatu. Baada ya hapo kimbia dakika 4 kwa kasi ambayo huwezi kusema zaidi ya maneno mawili, tembea au jogi dakika 3, rudia mara 4. Mara mbili kwa wiki inatosha, na isiwe ndani ya siku mbili kabla ya mechi. Bora zaidi kama mna watu: wanne kwa wanne kwenye eneo la mita 30 kwa 20, raundi nne za dakika 4, kwa sababu hapo kichwa nacho kinafanya kazi.

Majeraha ya kiungo wetu ni nyama za paja la nyuma, enka, nyonga na goti. Usivumbue chochote, FIFA ina mpango wa kupasha misuli unaoitwa 11+, mazoezi 15 ya kama dakika 20, na hauhitaji kifaa zaidi ya mpira na koni. Ndani yake kuna lile la kupiga magoti mwenzako akikushika vifundo vya miguu huku ukijishusha mbele polepole bila kukunja kiuno. Hilo ndilo kinga ya nyama za paja. Anza na mara 3 hadi 5 tu. Vijana hufanya 15 siku ya kwanza, kesho yake hawawezi kutembea, kisha wanaliacha kabisa.

Chakula cha siku ya mechi kina hesabu nyepesi. Mechi ya saa 10 jioni, kula kati ya saa 6 na saa 7 mchana. Unahitaji gramu 1 hadi 3 za wanga kwa kila kilo ya mwili wako. Kwa mtu wa kilo 70, sahani ya wali uliopikwa ya gramu 350 na ndizi mbivu mbili zinampa karibu gramu 150. Kipande cha samaki au kuku pembeni, basi. Maharage, chipsi mayai na nyama ya mafuta viache kwa siku nyingine, vinakaa tumboni. Jipime uzito kabla na baada ya mechi: ukipoteza zaidi ya asilimia 2, yaani kilo 1.4 kwa mtu wa kilo 70, ulikunywa kidogo mno. Kila kilo iliyopotea irudishe kwa lita moja na nusu, kidogo kidogo na chumvi kwenye chakula. Mwezi wa Ramadhani, kama ratiba ni yenu, mazoezi mazito yawekwe saa mbili au tatu baada ya futari, si mchana.

Sasa karatasi, ambazo ndizo zinazomaliza vijana wengi kuliko goti.

Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa kwa mkataba unaozidi miaka 3. Mtu mzima kikomo chake kwa kawaida ni miaka 5. Klabu mpya inaruhusiwa kusaini na wewe pale mkataba wako umekwisha au umebakiza miezi 6 au pungufu. Mkataba hauwezi kuwekewa sharti la "ukifaulu vipimo vya afya" au "ukipata kibali cha kazi". Hayo klabu inapaswa kuyamaliza kabla ya sahihi. Usikubali kusaini karatasi yenye nafasi tupu ili "wajaze baadaye". Mshahara uandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na tarehe ya kulipwa. Fedha za usajili zikilipwa kwa awamu, kila awamu iwe na tarehe yake. Nyumba, nauli, matibabu ya majeraha ya kazini, posho za ushindi: kila ulichoahidiwa mdomoni kiingie kwenye karatasi. Wewe ni mwajiriwa, kwa hiyo Tanzania uliza pia kuhusu michango yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Ondoka na nakala yenye sahihi za pande zote siku hiyohiyo.

Klabu isipokulipa, usisuse mazoezi. Hapo ndipo wengi wanapoharibu haki yao. Kanuni za FIFA zinampa mchezaji sababu halali ya kuvunja mkataba ikiwa anadai angalau mishahara ya miezi 2, lakini lazima kwanza aiandikie klabu na kuipa siku 15 za kulipa. Hudhuria mazoezi, andika barua, tunza ushahidi kwamba imepokelewa, hesabu siku. Kuvunja mkataba bila njia inayokubalika kuna gharama. Desemba 2022 kiungo wa Tanzania Feisal Salum alitangaza kuachana na Yanga. Kamati ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikaamua kwamba bado ni mchezaji wao, na hakuichezea tena klabu hiyo hadi alipohamia Azam FC katikati ya 2023. Kwa kiungo, nusu msimu ni muda mrefu sana.

Wakala lazima awe na leseni ya FIFA, ambayo hupatikana kwa mtihani, na majina ya wenye leseni yapo kwenye tovuti ya FIFA. Mkataba wa uwakilishi haupaswi kuzidi miaka 2. Anayekuomba wewe au mama yako pesa za "majaribio Ulaya" mkatae, hata akiwa na picha za wachezaji maarufu. Mwaliko wa kweli hutoka klabu, na klabu inapigiwa simu kwa namba iliyo kwenye tovuti yake, si ile iliyo kwenye barua. Chini ya miaka 18 uhamisho wa kimataifa umekatazwa, isipokuwa kwa mazingira machache yaliyotajwa kwenye kanuni.

Tunza pia rekodi ya kila timu uliyosajiliwa tangu miaka 12. Ukiuzwa nje kwa ada, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa timu zilizokulea kati ya miaka 12 na 23. Kwa uhamisho wa shilingi milioni 100, timu uliyokuwa nayo ukiwa na miaka 16 inastahili 500,000 kwa msimu huo mmoja. Usajili ukiwa na majina mawili tofauti au tarehe mbili za kuzaliwa, timu hiyo inakosa haki yake, na wewe unaweza kukwama.

Kuhusu safari ya nje, tazama ngazi walizopanda ndugu wawili Wakenya, wote viungo. McDonald Mariga alipitia Sweden, kisha Parma ya Italia, na Januari 2010 kibali cha kazi cha Uingereza kilipokwama alijiunga na Inter ya Milan, akawa kwenye kikosi kilichotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka huohuo. Victor Wanyama alipitia Beerschot ya Ubelgiji, Celtic ya Scotland mwaka 2011, kisha Uingereza: Southampton 2013, Tottenham ya London 2016. Hakuna aliyeruka kutoka Nairobi hadi London. Ukipata ofa mbili, chagua ile utakayocheza dakika nyingi, na usikimbie kambi ya timu ya taifa, kwani mechi za taifa huhesabiwa kwenye vibali vya baadhi ya nchi.

Na ukifika miaka 27 au 28, ukiwa bado kwenye kikosi cha kwanza, uliza shirikisho lako lini kuna kozi ya ukocha ya leseni D ya CAF, shirikisho la soka la Afrika. Husomwa ukiwa bado unacheza, na kiungo aliyezoea kuangalia mabega yote mawili anakuwa ameshaanza kuuona uwanja kama kocha.