Uliza Fundi: Kichwa, laptop na ile mistari inayocheza

Toleo lililopita tuligusia kidogo zile bendi za kuvaa kichwani zinazosoma mawimbi ya ubongo na kuyatupa kwenye simu au laptop, basi meseji zimejaa mpaka nikachagua tu hizi. Ambaye hajaona yake asinune, mengi yalikuwa yanafanana.

SWALI: Mambo fundi. Niko mwaka wa mwisho chuo, Mbeya, nasoma biomedikali. Projekti yangu nataka nipime umakini wa wanafunzi wakisoma usiku wa manane na wakisoma asubuhi. Nimeazimwa bendi ya Muse ya chaneli nne. Shida app yake inanipa maksi na grafu za rangi rangi tu, na msimamizi kanambia bila data ghafi hataki hata kuniona. Kuna programu ya bure? Na nikishaipata hiyo data naifanyaje? (Wa Uyole)

JIBU: Poa mdogo wangu, na huyo msimamizi wako yuko sahihi kabisa, mshikilie. Ile app ya kwenye boksi ni ya mtu anayetaka kutulia kabla ya kulala, sio ya kuandikia ripoti. Weka Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye laptop, alafu weka maktaba (kifurushi cha kodi zilizoandikwa tayari) inaitwa muselsl, au BrainFlow ukitaka inayokubali vifaa vya aina nyingi. Zote bure. muselsl inaongea na bendi kwa Bluetooth, amri moja inaanza kumwaga data, amri nyingine kwenye dirisha la pili inarekodi na kukuachia faili ya CSV, yaani jedwali la namba. Ukiifungua utaona safu ya kwanza ni muda, zinazofuata zimeandikwa TP9, AF7, AF8, TP10, na kila chaneli inashusha namba 256 kwa sekunde. Hizo herufi ni anuani za kichwani tu, AF ni paji la uso, TP ni nyuma ya masikio, namba witiri ni kushoto na shufwa ni kulia. Kuchambua tumia MNE-Python, nayo bure. Watu watakwambia EEGLAB, na ni nzuri kweli, imetoka chuo cha San Diego na watafiti wengi wamekulia humo, ila inakaa juu ya MATLAB, programu ya hesabu, na MATLAB inalipiwa, kwahiyo kama chuo hakina leseni usijitese.

Sasa kabla hujamwita mwanafunzi hata mmoja, jipime mwenyewe macho. Dakika moja macho wazi ukiangalia nukta ukutani, dakika moja macho umefumba ila usilale. Chora spektra ya nguvu ya kila kipande, yaani grafu ya nguvu ya mawimbi kwa kila kasi yake, kuanzia 1 Hz (wimbi moja kwa sekunde) mpaka 40. Ukiwa umefumba, kwenye TP9 na TP10 kinatakiwa kitokee kilima karibu na 10 Hz, na ukifumbua kinasinyaa. Hiyo ndio alfa, kati ya 8 na 13. Kwenye paji la uso itaonekana kwa tabu sababu nyumba yake iko kisogoni. Ni kitu cha kwanza kabisa ambacho Hans Berger alikiona, daktari wa akili pale Jena, Ujerumani, alirekodi kichwa cha binadamu mara ya kwanza 1924 na akakaa kimya mpaka 1929 ndio akachapisha, na bado wenzake hawakumuamini hadi Adrian na Matthews wa Cambridge walipoirudia 1934 wakaona yuko sawa. Kwahiyo kama bendi yako haioni kilima hicho usiende mbele: lowanisha ngozi kidogo, futa mafuta ya uso, sukuma nywele pembeni, jaribu tena. (Wapo wachache ambao alfa yao ni ndogo sana kwa kuzaliwa, kwahiyo kabla hujailaumu bendi mpime na rafiki.)

Alafu kuna takataka tatu lazima uzijue kwa sura. Ya kwanza kupepesa macho. Jicho lenyewe ni kama betri ndogo, mbele chanya nyuma hasi, kope ikishuka kwenye AF7 na AF8 unapata mlima wa maikrovolti 100 na zaidi, wakati mawimbi ya ubongo wenyewe yanacheza kwenye makumi tu. Ya pili misuli. Uma meno uone, mstari mzima unakuwa mnene kama umepakwa wino, na nguvu yote inajaa kuanzia 20 Hz kupanda, yaani hapo hapo kwenye beta, mawimbi ya kasi kuliko alfa, na beta ndio programu nyingi za bei rahisi zinaihesabu kuwa "umakini". Umenielewa? Mwanafunzi aliyekunja uso na kukaza taya usiku wa manane anaweza kupata maksi za juu za umakini na ubongo wake hauhusiki kabisa. Ya tatu umeme wa ukutani, mchomo mwembamba uliosimama pale pale 50 Hz, chomoa chaja ya laptop, kaa mbali na ekstensheni, inayobaki ikate kwa filta ya nochi, inayoondoa hiyo 50 Hz peke yake.

Utasoma mtandaoni kwamba takataka zinatolewa kwa ICA, mbinu ya hesabu ya kutenganisha ishara zilizochanganyika. Ni kweli, lakini ICA inatoa vipande visivyozidi idadi ya chaneli, wewe una nne, ukitoa cha macho na cha misuli umebaki na nini? Kata data vipande vya sekunde mbili mbili, kinachovuka maikrovolti 100 kitupe, na andika kwenye ripoti umetupa vingapi.

Na kama bado hujachelewa, badilisha kichwa cha projekti. Hakuna namba moja ya umakini ambayo wataalam wamekubaliana. Usingizi ndio una alama zake zinazojulikana miaka mingi: mtu akianza kusinzia alfa inavunjika vunjika na theta, 4 mpaka 8 Hz, inapanda. Usiku na asubuhi hapo unapata kitu cha kupima kweli. Ongeza na jaribio la kubonyeza batani taa ikiwaka, ili uwe na namba ya pili ambayo haitoki kichwani, na muulize kila mtu amelala saa ngapi. Na karatasi ya ridhaa wasaini, tafadhali, hicho ni kichwa cha mtu.

SWALI: Fundi mwanangu, mimi ni mama wa Tanga. Mjukuu wangu ana miaka saba, anazubaa katikati ya maneno, macho yamekodoa, sekunde chache anarudi kama hakuna kitu, mwalimu anamwita mvivu. Tulipelekwa kupima umeme wa ubongo, majibu yakaja hayana tatizo. Jirani anasema basi sio kifafa. Mtoto wangu aliye Maskati anataka atutumie hiyo bendi tumpime nyumbani kila siku. Ni vizuri?

JIBU: Shikamoo mama. Mimi sio daktari, ila hili naweza kukwambia: kipimo kimoja kuwa kizuri hakifuti kifafa. Kipimo cha kawaida kinachukua kama nusu saa, na kama katika nusu saa hiyo ubongo wake ulikuwa umetulia, mashine inaandika ilichokiona basi. Kifafa daktari anakitambua kwanza kwa maelezo ya walioona, kipimo kinasaidia. Kwahiyo jirani amewahi.

Kuzubaa kwa namna unayoieleza kuna aina yake kwa watoto, na kwenye mashine ina sura ambayo ukishaiona husahau, mchomo na wimbi, mchomo na wimbi, mara tatu kwa sekunde, kichwa kizima kwa pamoja, inaanza ghafla inakoma ghafla. Watu wa Boston waliielezea tangu 1935. Muulize daktari kama siku ile walimwambia mtoto apumue kwa nguvu dakika tatu hivi, mara nyingi wanamwambia apulize karatasi, kwa sababu kwa watoto wengi wenye tatizo hilo ambao hawajaanza dawa, hapo ndipo linapojitokeza. Kama hawakufanya, au mtoto alikuwa analia, kuna haja ya kurudia, na pengine watataka mtoto alale kidogo tu usiku wa kuamkia kipimo. Usimfanyie hayo ya kupumua nyumbani, waachie wao.

Bendi ya Maskati mwambie aache, hiyo hela itafaa nauli na dawa. Elektrodi nne, yaani vile vidude vya kugusa ngozi, mbele na masikioni zitakosa mengi. Kule Bhutan walijaribu kofia ya elektrodi 14 iliyounganishwa na simu, programu yake imetengenezwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, wakailinganisha na mashine ya hospitali kwa wagonjwa wa kifafa. Iliposema kuna dalili, mara nyingi kweli zilikuwepo, ila ilikosa zaidi ya nusu ya zile ambazo mashine ya kawaida iliziona. Yaani ikikaa kimya haikwambii kitu, na wewe wasiwasi wako ndio huo huo. Simu ya mwalimu ina faida kuliko bendi: mwombe akimwona amezubaa amrekodi video, uso na mikono ionekane, amwite jina huku anarekodi. Daktari ataifurahia hiyo kuliko unavyodhani. Na kama ameshaandikiwa dawa msiziache kwa sababu ya karatasi moja.

Nywele sasa, hili watu hawaambiwi mpaka wamefika. Aoshwe siku moja kabla, bila mafuta, bila rasta za kuunganisha wala wigi. Elektrodi inataka ngozi ya kichwa, haitaki nywele, na kofia nyingi zimetengenezwa kwa nywele laini zilizolala. Kama ni wa kusuka, msuke twende kilioni nyembamba njia zikiwa wazi, fundi wa kipimo anapita humo humo kwenye njia. Sio utani, pale Carnegie Mellon, Pittsburgh, mwanafunzi Arnelle Etienne na wenzake walitengeneza vibanio vya elektrodi vinavyojishikiza katikati ya mistari ya twende kilioni, wakachapisha 2020, na mguso ukawa bora kuliko wa elektrodi za kawaida.

SWALI: Niaje fundi, niko Eldoret. Brathe yangu alifanyiwa EEG, kile kipimo cha umeme wa ubongo, wakampea flash, iko na faili ya EDF, kompyuta yangu inakataa kufungua. Nitumie gani? Na naweza itupa kwa grupu ya WhatsApp ya familia, kuna cuzo anasomea udaktari?

JIBU: Poa. Pakua EDFbrowser, bure, Windows na Linux zote inakubali. EDF ni muundo wa faili za rekodi kama hizi wa tangu 1992, wazi kwa kila mtu, 2003 ukaongezewa sehemu ya maandishi, ndio EDF+, kwahiyo unaweza kukuta na alama za fundi, "amefumba macho", "amekohoa". Ukifungua chagua chaneli, weka sekunde 10 kwa ukurasa, filta ya chini 0.5 au 1 Hz na ya juu 70. Usishangae ukiona hospitalini hasi inachorwa kwenda juu, ni desturi yao ya zamani.

Ila kwa grupu hapana, ngoja kwanza. Mwanzo wa faili kuna nafasi ya herufi 80 za mgonjwa, na kwenye EDF+ hapo ndio linakaa jina, jinsia na tarehe ya kuzaliwa. Tengeneza nakala, futa hayo kwa kihariri cha hedi (header, huo mwanzo wa faili) humo humo kwenye EDFbrowser, alafu mtumie cuzo peke yake. Naye mwambie asitoe hukumu, kusoma hiyo mistari watu wanasomea miaka mingine juu ya udaktari.

SWALI: Hivi hizi programu zinaweza kujua mke wangu anawaza nini? (Mzee wa Bububu)

JIBU: Hapana mzee wangu. Kilicho karibu na hapo ni ile ya Farwell na Donchin, 1988: jedwali la herufi linawaka waka kwenye skrini, mtu anakazia macho herufi anayoitaka, ikiwaka ubongo unatoa wimbi kama milisekunde 300 baadaye na kompyuta inaichagua. Herufi moja moja, pole pole, na lazima mwenyewe akubali kukaa na kukazia. Mke wako muulize tu.

SWALI: Fundi mi ni mtu wa kuandika kodi za kompyuta, sina kifaa wala hela ya kifaa. Nimeona watu wanatengeneza AI ya kutambua mkono gani mtu anawaza kuusogeza, wengine asilimia 95. Data wanatoa wapi?

JIBU: PhysioNet, hifadhi ya bure ya data za tiba mtandaoni, ingia uchukue. Kuna seti ya watu 109, chaneli 64, sampuli 160 kwa sekunde, wamesogeza mikono na miguu alafu wakawaza tu kusogeza, na MNE ina fankshen ya kuivuta moja kwa moja, huhitaji hata kutafuta linki. Ukitaka kifafa ipo CHB-MIT, watoto wa hospitali ya Boston, mahali degedege lilipoanza na kuisha pameandikwa.

Hizo asilimia 95 uliza kwanza waligawaje. Wengi wanachanganya vipande vya watu wote kwenye kapu moja, wanatoa vya kufundishia na vya kujaribia humo humo, kwahiyo kipande cha Juma kiko kwenye mafunzo na kingine cha Juma kiko kwenye mtihani, modeli inamtambua Juma, haitambui mkono. Wewe gawa kwa mtu. Weka watu 20 pembeni kabla hujaandika mstari wowote wa kodi, usiwaguse mpaka siku ya mwisho, na namba ikishuka sana ukilinganisha na za mtandaoni, iandike hivo hivo ilivyo.