Maswali ya Wasomaji: Klova Imekuwa Manjano, Tubadili Mbegu au Udongo?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na shemeji yangu tumekodi ekari 40 za msitu wa misonobari katika jimbo la Georgia, Marekani, ili tuwinde kulungu wenye mkia mweupe. Tulifyeka nusu ekari, tukapanda klova (mmea wa malisho) ili kuwavutia, na kuweka mbolea ya NPK, lakini mimea ilidumaa, majani yakawa manjano, na inaonekana kulungu hawakuijali. Udongo ni mfinyanzi mwekundu. Je, tubadili mbegu? Na kunde tulizozizoea nyumbani zitafaa?
Msomaji, Georgia

JIBU: Ndugu msomaji, ninawasihi msinunue mbegu nyingine kabla ya kupima udongo. Udongo mwekundu wa kusini-mashariki mwa Marekani kwa kawaida una tindikali nyingi, kwa kuwa mvua za miaka mingi zimeosha kalisi na magnesi, huku chuma kinachoupa wekundu wake, pamoja na aluminiamu, kikiishika fosforasi hata mizizi isiweze kuipata. Ndiyo maana sehemu kubwa ya fedha za mbolea hupotea ardhini. Aidha, bakteria wanaoishi kwenye mizizi ya klova na kuipatia naitrojeni hawastawi katika tindikali kali, na umanjano mliouona unaelekea kutoka hapo.

Chukueni udongo sehemu 10 hadi 15 za shamba, kina cha sentimita 15, mkauchanganye katika ndoo safi ya plastiki, kwa maana ndoo ya bati huweza kuharibu kipimo cha zinki. Pelekeni sampuli kwenye ofisi ya ugani ya kaunti yenu, nao watawaeleza ni tani ngapi za chokaa ya kilimo zinazohitajika kwa ekari ili pH (kipimo cha tindikali; ikishuka, tindikali imezidi) ifike 6 hadi 6.5. Chokaa hiyo ichanganywe na udongo kwa haro, kwani ikiachwa juu huzama polepole mno, na hata ikichanganywa vizuri huhitaji miezi kadhaa kufanya kazi. Kwa hiyo imwageni majira ya kuchipua, mpande Septemba au Oktoba. Wakati huo changanyeni klova nyekundu na oti au ngano: nafaka huota haraka na kustahimili kuliwa wakati klova ingali ndogo. Mbegu za klova zisifukiwe zaidi ya milimita 6.

Kunde ni zao la Afrika linalovumilia joto na udongo hafifu kuliko klova, na zinafaa sana kuufunika udongo wenu wakati wa kiangazi huku mkisubiri chokaa. Tatizo ni ukubwa wa shamba. Katika nusu ekari kulungu watakata miche ikiwa na majani machache, isipate kutoa matawi, isipokuwa mkizungushia uzio wa umeme wa muda kwa wiki za mwanzo. Kumbukeni pia kwamba bakteria wa kunde si wale wa klova. Pakiti ya chanjo ya mbegu, yaani bakteria hao wanaopakwa kwenye mbegu kabla ya kupanda, lazima iwe imeandikwa zao husika.

Kuhusu kulungu kutoijali klova, sina hakika kwamba hawakuila. Sukeni waya kuwa kizimba cha upana wa mita moja hivi, mkisimamishe shambani mara mnapopanda. Mimea ya ndani ikiwa mirefu kuliko ya nje, basi ile ya nje inaliwa.

Jambo ambalo ningelipa uzito zaidi ya yote ni zile ekari nyingine 39 na nusu. Misonobari ikisongamana, jua halifiki chini na hakuna kinachoota cha kuliwa. Zungumzeni na mwenye ardhi juu ya kupunguza miti, kisha kuchoma sakafu ya msitu kwa moto unaodhibitiwa kila baada ya miaka miwili au mitatu, kwa kibali cha idara ya misitu ya jimbo na chini ya mtu aliyefunzwa. Vichaka vya matunda na majani mapana ya asili vitachipua vyenyewe bila chokaa wala mbolea, kwa sababu vimeizoea tindikali hiyo.